Kilio Kinachongoja Jina

Dorcas, mama,

Umetoka hapa na baiskeli ya toleka kwenda kusukwa nywele, na ninavyowajua wale wasichana wa kusuka kwa masimulizi, hutarudi kabla jua halijapoa. Bon. Nimekaa kwenye meza yako, nimesukuma vitabu vyako pembeni, ninaandika. Kesho asubuhi boti lako la mbao, baleinière, linaondoka, na ukiwa mbele ya macho yangu sitaweza kusema haya. Nitaanza tu kukuuliza kama umebeba sabuni.

Ya sabuni, ya chandarua na ya dawa, tantine wako amekwisha kukuambia mpaka umeziba masikio. Mimi nataka turudi kwenye maneno yetu ya Jumapili, juu ya nyanya yako Koko. Ulikuwa unakunja nguo, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, utadhani unaniomba chumvi: "Mama, nikifika kwa Koko nitamuuliza juu ya nini hakumulilia Papa." Nami nikakujibu: "Ukimuuliza hiyo, usirudi kwangu." Ukaendelea kukunja, shati moja mara mbili. Tangu siku ile tunasalimiana kama wapangaji.

Naomba unisamehe kwa lile neno. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu siku zote inatoka mdomoni ikiwa imevaa hasira, unanijua.

Tena ni aibu kwangu. Mimi nani nikukataze kuuliza? Kabla hujazaliwa nilikula kwa kuuliza. Ulipochagua masomo haya ya kuchunguza maisha ya watu na desturi zao, jirani zetu wa Simi-Simi walinifuata wakisema, "Mama Dorcas, mutoto yako anasoma mambo ya batu kuishi, hiyo iko kazi?" Nikawaambia ndiyo, iko kazi, mimi mwenyewe niliifanya bila diplôme.

Unajua nilikuwa mtafsiri wa Madame, yule mtafiti aliyetoka Ulaya kuchunguza wanawake wanaouza samaki wa kukaushwa. Ambacho sijakusimulia ni jinsi nilivyokuwa mtafsiri mbovu. Mama mmoja wa soko alikuwa anaongea mpaka povu linamtoka: mume, wakwe, bei ya chumvi, ndoto aliyoota juzi. Akimaliza, Madame ananigeukia na kalamu yake tayari. Mimi namwambia: "Amesema ndiyo." Basi! Niliona namsaidia. Niliona yale mengine ni takataka za maneno.

Siku moja yule mama akanishika mkono. "Dada, miye nimesema mambo mingi, weye umesema kidogo. Ile ingine umekula?" Soko zima likacheka. Hata Madame alicheka, na hakujua anacheka nini. Nilirudi nyumbani nimenuna, lakini usiku wa siku ile sikuweza kuacha kuyafikiria yale niliyoyala. Ile ndoto, kwa mfano. Alikuwa ameota nini? Sikumbuki, na yeye hayupo tena nimuulize. Mpaka leo naitamani ile ndoto, Dorcas, na sina njia ya kuipata.

Alors, kuanzia pale nikajirekebisha. Nikawa natafsiri yote, mpaka kikohozi. Madame alifurahi sana, na alipoanza kupendezwa na mambo ya matanga akanipa mashine ya kurekodi, akanituma peke yangu kule chini ya Yanonge, kwa watu wa baba yako. Nilikuwa nimeolewa si muda mrefu. Baba mkubwa mmoja wa ukoo alikuwa amefariki, na Koko Alphonsine ndiye angelia.

Wewe umemkuta Koko amekwisha kuzeeka, anakuchekea na kukufichia ndizi za makemba za kuchoma. Sisi tulimkuta bado na nguvu zake. Yeye ni shangazi aliyemlea baba yako baada ya mama yake kufariki, na ng'ambo ile yote hakuna mwanamke aliyeanza kulia kabla yake. Alisimama mlangoni, akamwita marehemu kwa jina lake, akamwambia habari za nyavu zake, za wake zake, za deni lake la tumbaku, za siku aliyomwokoa mbwa majini. Watu walilia na kucheka pamoja. Mimi sikielewi vizuri kilugha chao, mimi mtu wa Kindu, ila nililia nikatetemeka. Nililia hata nikasahau kubonyeza mashine.

Kesho yake niliamka na aibu. Nitamwambia nini Madame? Nikamfuata Koko jikoni, alikuwa anaponda ndizi za lituma na wanawake wengine. Nikamwambia kwa adabu zangu zote: "Koko, ile kilio ya jana, unaweza kuirudilia kidogo? Mashine haikukamata."

Michi ikasimama. Koko akaniangalia.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mutu, Koko."

"Sasa unataka nilie nani? Kilio inaenda na jina. Nipe jina."

Na mimi, mpumbavu, nikiona wote wamenikodolea macho, nikataka kuwachekesha. Kwetu Kindu utani unaponya mengi. Nikasema: "Weka yangu!"

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alitoka nje kabisa. Koko hakunipigia kelele. Alinishika mkono, akanipeleka mtoni, akanisukutua kinywa kama mtoto aliyekula udongo, kisha akanilisha lituma kwa mkono wake mpaka nikashiba. "Jina haitupwake hivi," ndilo neno pekee aliloniambia. Baba yako alipopata habari alikasirika siku nzima, jioni akaanza kucheka peke yake kitandani, na mimi nikampiga na mto.

Nilimwandikia Madame jambo hilo vizuri sana: kwa watu hawa, kilio hakitoki bila jina la aliyekufa. Alinisifu. Nami nilijiona nimefika, nimeielewa desturi yao mpaka mwisho. Sikuuliza swali lingine hata moja. Jina likishakuwepo, nani analitoa? Mtoto? Kaka? Linatolewa wapi, mbele ya nani? Jibu la kwanza lilikuwa zuri mno, nikalifungia mlango. Kwa watafiti wote unaowasoma sijui, ila mimi ndiyo ilikuwa tabia yangu: nikipata kitu kinachopendeza, naacha kuuliza.

Sasa hebu nikuambie kwa nini utafiti wako unanikosesha usingizi, kwa uzuri. Siku ya matanga ya shangazi yako Véro, mwaka jana, hapa hapa Kisangani, tulikuwa wote chini ya turubai, ile bâche ya matanga. Ndugu hawakuweza kufika, hivyo wakarekodi vilio vyao na kuvituma kwa simu, na yule mpiga muziki akaviunganisha na baffle, lile spika kubwa, ili wote wasikie. Tonton wako wa Kinshasa akalia. Alilia vizuri, maskini. Koko alikuwa amesafiri kuja, akasimama, akawa anamjibu: "Sogea karibu, mwanangu, sogea," huku akiliangalia lile baffle usoni. 

Kisha mpiga muziki akakosea, akabonyeza tena. Tonton akaanza upya: neno lile lile, kwikwi ile ile, pale pale anapopenga kamasi. Koko akageuka, akauliza kwa sauti kubwa: "Nani amekufa tena?"

Vijana waliangua kicheko. Wewe hukucheka. Nilikuona umekaa na mdomo wazi, na nikajua memwaro yako, ile tasnifu ya chuo, imezaliwa. Tangu siku ile unaulizia kilio cha kwenye simu: ni kilio, au ni picha ya kilio? Kikichezwa mara ya pili, kinamlilia nani? Na wewe utakapokaa chuoni na vifaa vya kusikilizia masikioni, ukirudisha nyuma sauti za watu wa Yanonge ili uziandike, je, kila mara unaua mtu? Usicheke. Najiuliza hivyo kwa kweli nikiwa naosha vyombo. Encadreur wako, yule mwalimu anayekusimamia, anataka kujua watu wa leo wanaliaje wakati ukoo umetawanyika dunia nzima. Mimi pia nataka kujua, pengine kumpita yeye.

Ila kuna kilio kimoja ambacho sikutaka ukiguse, nacho ndicho cha baba yako.

Ulikuwa bado na meno ya utoto. Aliondoka na magunia ya mchele, baleinière ikapinduka kule chini ya Isangi, wengine wakapatikana, yeye hapana. Unakumbuka watu walivyokaa hapa nyumbani, unakumbuka picha na mshumaa, padri akaja akaomba. Unakumbuka labda kwamba Koko alikuja, akakaa kwenye mkeka mbele yangu siku baada ya siku. Alikula, akalala, akaniangalia. Hakulia. Siku moja akajifunga kikwembe chake kiunoni, akaniaga, akarudi kwake.

Jinsi alivyoniangalia, Dorcas! Nilidhani ananishitaki. Nilidhani ananiambia kwa macho: wewe mwanamke wa Kindu ndiye uliyemwacha aondoke na mvua ile. Halafu baada ya muda nikabadilisha, nikajiambia hapana, Koko haamini kwamba amekufa. Koko anajua mto kuliko sisi. Kama mwenye kilio amekizuia, basi kuna sababu, labda yuko mahali, labda alibebwa na watu wa visiwani, labda kichwa kiliumia amesahau kwao. Nikashika hapo. Huwezi kujua nilivyoshika. Kila aliyenishauri niolewe tena nilimjibu kwa upole, na ndani yangu nilikuwa nasema: Koko bado hajalia.

Na sikumuuliza. Mkwe hamuulizi mkubwa jambo kama hilo, ndivyo nilivyolelewa. Kwetu, mume akipotea, watu wa ukoo wake wanakuja kwa mjane, wanakaa chini, mkubwa wao anasema: mama, sisi tumekubali. Ndipo mjane analia. Nikawa nawangoja waje waniambie. Nimengoja mpaka wewe umekuwa mkubwa wa kunipita kimo.

Ndiyo sababu Jumapili nilikurukia. Niliona unakwenda kumwondolea Koko kitambaa mdomoni, na mimi ndani ya ukimya wake nina mume.

Sasa sikiliza nilichofanya leo asubuhi, ulipokwenda kulipia nafasi yako kule beach bandarini. Nilimpigia Koko kwa simu ya yule jirani yake mwalimu. Nilitaka tu kumtayarisha, asikukasirikie. Nikamwambia:

"Koko, mutoto anakuja na maulizo mingi. Umuvumilie."

"Maulizo gani?"

 Kama ningejua namna ya kuzunguka ningezunguka. Lakini nilikuwa nimekwisha kuanza, na unités za simu zilikuwa zinakwenda. Nikasema: "Juu ya baba yake. Juu ya nini haukumulilia."

Nilisikia kuku kule upande wake. Nilisikia mtu anapasua kuni. Nikafikiri amekata.

"Mimi?" akasema. "Anauliza juu ya mimi?"

"Ndiyo, Koko."

"Mama Dorcas, nilikuja kwako. Nilikaa pale mbele yako. Nilikuangalia mpaka macho ikachoka. Haukunipatia jina."

"Jina gani?"

"Ya bwana yako, njo jina gani! Mutu mwenye mayi ya muto imebeba, mwenye hatukuona mwili yake, bibi yake, mwenye alimuoa, njo anatoa jina. Mudomo yake tu. Sisi wote tunangoja. Nikilia mbele ya weye kutoa jina, ni mimi njo namuua, unasikia? Nilisema, acha, huyu bibi haiko tayari. Nikarudi. Na miye niko nangoja mpaka leo."

Dorcas! Nilikaa kwenye kizingiti na simu sikioni.

"Koko, sikujua."

"Haukujua? Weye! Mwenye kuuliza batu bote?"

Akaanza kucheka. Unakijua kicheko chake, kinaanzia mbali kifuani. Nami nikacheka, naapa, nilicheka na machozi yanaingia mdomoni, wanawake wawili wazima kila mmoja anamngoja mwenzake aseme, kwa adabu! Yeye anangoja mdomo wangu, mimi nangoja wa kwake, na wewe mtoto katikati yetu unakua bila baba na bila kilio cha baba. Nikamwambia, basi Koko, nikupe sasa hivi. Akaacha kucheka mara moja.

"Kwa simu hapana. Simu inasema mara mingi. Jina ya mutu inatoka mara moja."

Halafu unités zikaisha.

Neno hilo la simu uliandike, mwanangu, ni lako, limekuja hata kabla hujapanda boti. Lakini nakuomba usifanye nilivyofanya mimi na lile jibu la jikoni. Usilipende mpaka ukalifungia mlango. Muulize na wengine. Muulize yule mwalimu, muulize mwanamke ambaye kilio chake kilitumwa kutoka mbali na hakuona kosa lolote. Huenda Koko amebaki peke yake na wazo hilo, huenda watoto wa Yanonge wa umri wako wanasikiliza vilio vya mama zao kila jioni kwenye simu na vinawafariji, na nao si wajinga. Nataka kusikia wanasemaje. Ukirudi utanisimulia yote, na usile hata neno moja.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea, kaa hapo hapo. Ninachokifurahia katika kosa langu la jikoni ni kwamba sikukimbia. Nililishwa lituma. Kama ningepanda boti siku ile na aibu yangu, Koko angebaki kuwa mtu wa ajabu katika karatasi za Madame, nami ningebaki mwanamke wa Kindu aliyetukana matanga.

Saa hizi nimetulia kidogo, nitakuambia na lililo gumu. Tangu simu ile nimekuwa nazunguka humu ndani nagusa vitu. Sikuwa najua kwamba kumngoja kumenishikilia hivi. Maadamu nilidhani ni Koko anayezuia, nilikuwa huru kungoja, haikuwa kazi yangu. Sasa najua ufunguo ulikuwa kwangu muda wote, na nikiutumia, amekwenda. Nitakuwa nimesema kwa kinywa changu mwenyewe. Ninaogopa, mama. Nina hasira pia, sijui ya nani, labda ya mto, labda ya adabu zetu. Na katikati ya hayo yote kuna kitu kingine ninachokionea haya: nina hamu. Nataka kusikia Koko atamwambia nini. Mimi nilimjua mtu mzima aliyevaa shati la kupigwa pasi. Yeye anamjua mtoto wa mtoni, mwizi wa samaki wa watu, sijui nini. Kuna nusu ya mume wangu ambayo sijawahi kukutana nayo, na imekaa kule kwa bibi kizee inaningoja.

Donc utakwenda kesho, peke yako, kama ulivyopanga. Ndiyo, naiogopa baleinière, na nitasimama pale beach mpaka msionekane tena, usinionee haya mbele ya wenzako. Fanya kazi yako kwanza. Kaa jikoni na wanawake, ponda, sikiliza. Koko akikuuliza kama umeleta jina, mwambie hapana, mama amekukataza kulibeba. Hili si la kubebwa na mtoto, wala na simu, wala na karatasi, na utaona kwamba sikuliandika humu. Kuhusu mashine yako, muulizane wewe na Koko, akikubali uiwashe, akikataa uifunge kwenye kikwembe. Mimi sitakuwa na nafasi ya kuifikiria.

Nitafunga duka langu mwisho wa mwezi, nishuke na baleinière ya kwanza itakayoondoka. Mwambie Koko apumzike, ale vizuri, ajitunze sauti. Mwambie niko tayari. Wapangieni watu, tafuteni samaki, tandikeni mikeka.

Lakini msianze bila mimi.

Mama yako